Baridi ya Kununua

Swali hili halikuanzia chuo kikuu, wala kwenye kitabu kinene cha falsafa. Lilianzia kantini. Kantini ya ghala moja la mizigo nje kidogo ya Denver, jimbo la Colorado, Marekani, ambako mimi na wenzangu kutoka nchi mbalimbali tunabeba maboksi usiku kucha na kulala mchana kama popo.

Ulikuwa mwezi wa Januari. Nilikuwa nimewatangazia wenzangu, kwa majivuno kidogo, kwamba wikiendi ile nisingekuwepo mjini. Mkuu wetu wa zamu, mzee wa Kimarekani aliyetokea kunipenda tu, alikuwa amenialika kwenda milimani na tela lake la kulala. Huyu nitamwita Mzee, maana ndivyo nimwitavyo, na neno lenyewe keshalizoea.

"Mtalala wapi?" akaniuliza kaka mmoja wa Kikongo, mtu wa Fizi.

"Ndani ya tela."

"Mu theluji?"

"Kwenye theluji."

Akaweka kijiko chini. Kaka huyu kabla ya kuletwa Marekani aliishi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, ile iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Ndugu yangu, mimi nililala mu hema miaka kumi na mbili. Hakuna mtu alinilipisha. Weye unatoka mu nyumba yenye moto, unachoma mafuta ya gari, unaenda kutafuta baridi. Kwa nini mtu anunue shida?"

Kantini nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Lakini swali lilikuwa limeshaingia mwilini kama mwiba, na mwiba, si unajua, unaingia kwa sekunde moja lakini kuutoa ni shughuli.

Msomaji, naomba tuutoe pamoja.

Kwanza nikueleze chombo chenyewe. Usifikirie tela la kubebea magunia ya mahindi. Hiki ni kijumba kidogo kinachovutwa na pikapu, chenye matairi mapana ya meno, kilichoinuliwa juu ili kipite kwenye mawe na makorongo. Kila gurudumu lina springi yake, ili hili likipanda jiwe lile libaki chini. Kuta zake zina povu gumu la kuzuia joto lisitoke. Ndani mna kitanda, jiko la gesi la pleti mbili, sinki, tangi la maji safi, tangi la maji machafu, na hita inayokula gesi ya mtungi. Matela ya namna hii yakiwa mapya huuzwa makumi ya maelfu ya dola. Kwetu Tanga hela hiyo inajenga nyumba, na chenji inabaki.

Nilidhani kujiandaa kwa baridi ni kuvaa makoti mengi. Kumbe ni vita na maji. Maji yakiganda hutanuka, karibu asilimia 9, na bomba halijui kutanuka, hupasuka. Kwa hiyo Mzee alikuwa ameyakausha mabomba yote ya tela. Kwenye mikunjo ya bomba la sinki alimimina dawa ya rangi ya waridi isiyoganda upesi. Maji ya kunywa tuliyabeba kwenye madumu, na madumu yakalala ndani pamoja nasi kama watoto. Gesi nayo ina tabia zake: ile iitwayo butani, baridi ikifika kwenye sifuri haitaki tena kutoka mtungini. Propeni ndiyo jasiri, inaendelea kutoa mvuke mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Betri je? Betri ya risasi ikipigwa na baridi kali hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Na usije ukaiacha ikaisha kabisa, maana betri iliyoisha huganda upesi kuliko iliyojaa.

Mzee alinieleza haya yote kwa upole wa mwalimu wa chekechea. Nikasema moyoni: kumbe hawa jamaa shida wanaisomea!

Tukapanda. Denver yenyewe iko juu, kiasi cha mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, lakini sisi tulielekea Leadville, mji wa zamani wa machimbo ulioko mita 3,094. Hapo ni zaidi ya nusu ya njia ya kufika kilele cha Kilimanjaro. Tukaupita mji, tukaingia barabara ya msituni, matairi yakiwa yamefungwa minyororo. Msitu ule ni mali ya umma. Sheria yake inamruhusu yeyote kuegesha na kulala bure, kwa kawaida hadi siku 14, ilimradi asikae kabisa kama kwake. Ishike hiyo sheria, msomaji. Tutairudia.

Mchana ulikuwa mzuri kiasi cha kuudhi. Jua kali, mbingu ya bluu, theluji nyeupe inayoumiza macho. Tukateleka maharage. Bwana wee! Saa nne nzima maharage yanachemka na bado yanagonga meno kama changarawe. Mzee akacheka: kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi, siyo 100, kwa hiyo yanaruka na kutoa povu bila moto wa kutosha ndani yake. Tukala mkate na jibini.

Usiku ndio ulioniletea makala haya.

Kipimajoto cha nje kilisoma nyuzi 23 chini ya sifuri. Ndani hita ilikuwa ikinguruma, nami nimejikunyata kwenye mfuko wa kulalia, nimevaa kofia. Dirisha moja Mzee alikuwa ameliacha wazi upana wa kidole. Nikamwuliza mbona tunatupa joto nje. Akaniambia kwamba pumzi zetu wawili ni maji, tukifunga kila kitu maji hayo yatagandia kwenye kuta na kutulowesha. Na tena kwenye chumba chenye moto wa gesi hewa lazima ipite. Ili usife kwa baridi, acha baridi kidogo iingie. Nilicheka, lakini nilipogusa skrubu za mlango zilikuwa zimeota barafu kwa ndani, nyeupe kama chumvi.

Yapata saa tisa usiku niliamshwa na kimya. Hita ilikuwa imenyamaza.

Gesi ilikuwepo. Kilichokwisha ni nguvu ya betri ya tela. Hita ile ina feni ya kusukuma joto, na feni inataka umeme. Betri ikichoka, gesi yote ya dunia haikusaidii. Katika muda ambao sikuupima, ila niliuhisi kwenye vidole vya miguu, joto likaanza kutuaga.

Nilinyanyuka nikaenda kwenye jiko. Nilitaka kuwasha pleti zote mbili na kufunga lile dirisha. Mzee akanishika mkono.

"Usifanye hivyo."

Papo hapo nikakumbuka. Nilisoma sekondari nyanda za juu, mkoa ambao sasa ni Njombe. Watu wa pwani hawaamini, lakini kule mwezi wa Juni na wa Julai unaamka unakuta majani yamevaa barafu. Kila mwaka tulikuwa tunaonywa shuleni: usilale na jiko la mkaa ndani, umefunga mlango. Maana moto uliokosa hewa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala akidhani anapata usingizi mtamu. Onyo lile nililijua kwa moyo. Na bado mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye swichi ya jiko. Baridi haikuwa imeniua, lakini ilikuwa imeshaniondolea akili.

Tukatoka nje. Tochi kichwani, pumzi zikitoka kama moshi wa treni. Kwanza tukafukua theluji iliyoziba bomba la moshi la pikapu, ndipo tukawasha injini, tukaunga nyaya za kubusti kutoka betri ya gari hadi ya tela. Vidole vyangu havikuweza kubana kibanio. Mzee akabana yeye. Tukasubiri. Na wakati tunasubiri akasema sentensi ndogo, bila kukusudia falsafa yoyote:

"Isipowaka, tunaliacha tela hapa, tunateremka mjini. Dakika arobaini tuko hotelini."

Hita ikawaka. Tukarudi kulala. Asubuhi tulikunywa kahawa, tukapiga picha, tukajisifu. Lakini nilikuwa nimegundua kitu. Toka nilipoisikia ile sentensi, hofu ilikuwa imeniisha. Baridi haikuwa imepungua hata nyuzi moja, na vidole vilikuwa bado vinauma. Kilichobadilika ni kwamba nilikumbuka kuwa nina mlango wa kurudia.

Basi ndugu msomaji, hilo likawa jibu langu la kwanza kwa Kaka: tofauti kati ya matembezi na mateso haiko kwenye kipimajoto. Iko kwenye mlango wa kurudia.

Laiti ningeishia hapo ningekuwa na makala mafupi na matamu. Lakini tulirudi mjini.

Jumapili jioni, tukiingia Denver kwa njia ya viwandani, tukapita tela jingine. Dogo, la zamani, tairi moja halina upepo, turubai la bluu limefungwa juu kwa kamba. Mtungi wa gesi nje, wa kilo 9, sawasawa na wa kwetu. Vioo vimejaa ukungu wa pumzi. Ndani mna watu. Maboksi yamebanwa madirishani kuzuia upepo. Na kwenye mlango imebandikwa karatasi. Taa ilikuwa nyekundu, tukasimama karibu, nikaisoma: mwenye tela anatakiwa aliondoe.

Mzee aliliona nami nililiona. Hakuna aliyesema kitu. Taa ikawa ya kijani.

Sasa irudie ile sheria ya msituni niliyokuomba uishike. Mtu mwenye nyumba akitaka kulala kwenye baridi, anaonyeshwa msitu: karibu, siku 14, bure. Mtu asiye na nyumba akilala kwenye baridi mjini, hilo ni kosa. Sisemi kwa kupiga chuku. Denver ilipitisha mwaka 2012 sheria ya kukataza kupiga kambi mjini, na kwenye sheria hiyo "kujisitiri" ni pamoja na kujifunika hata blanketi, chochote kisichokuwa nguo. Mwaka 2019 suala la kuiondoa likapelekwa kwa wapiga kura, nao wakakataa kwa wingi mkubwa. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka mji wa Grants Pass, Oregon, ikaamua kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba kuwaadhibu watu kwa kulala nje namna hiyo hakuvunji katiba.

Baridi ni ile ile, mtungi ni ule ule, ukungu wa kwenye kioo ni ule ule. Mmoja anaitwa mpenda mazingira, mwingine anaitwa kero.

Nilirudi kazini Jumatatu nimekasirika. Nikamwendea Kaka, nikamwambia: ulisema kweli. Anayenunua shida anamdhihaki aliyezaliwa nayo. Ni kama tajiri anayevaa suruali iliyochanika magotini kwa makusudi, tena kaichana kwa bei mbaya. Nilitegemea anipongeze. Akatikisa kichwa tu, akasema, "Weye una hasira kwa sababu ya aibu. Ngoja aibu iishe, ndipo ufikiri."

Usiku huo nikampigia mama simu Tanga. Kule ilikuwa asubuhi. Nikamsimulia yote, mpaka lile jambo la mkono wangu kwenye swichi, ambalo afadhali ningemficha. Akasoma dua zake kwanza. Halafu nikamwambia hitimisho langu: kujitafutia shida wakati hunayo ni dhihaka kwa wenye shida.

"Hebu tulia, mwanangu," akasema. "Kwani sisi hapa Ramadhani tunafanya nini? Chungu kimejaa, mtungi una maji, na mtu anakaa na njaa kutwa nzima kwa hiari yake. Nasi tunawadhihaki wenye njaa?"

Nikakosa la kusema. Mama yangu hakusoma zaidi ya darasa la saba.

Ni kweli. Saumu ina mlango wa kurudia, tena una saa yake: magharibi. Mfungaji anajua futari ipo. Hata hivyo hatusemi kwamba anaigiza. Tunasema anajifunza. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Saumu ni jaribio la kumfanya mwenye shibe amjue, angalau kwa mchana mmoja.

Na hapa nikakumbuka habari ya Rebmann, ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni tukaisahau. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alifika Uchaga mwezi wa Mei 1848, akaona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake wa njia aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akaandika kwamba ni theluji. Habari zilipofika London zikapingwa na mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Ubishi ukaendelea miaka na miaka, hata baada ya msafara wa von der Decken kuupanda mlima ule kwa sehemu na kuishuhudia theluji mwanzoni mwa miaka ya 1860.

Zamani nilidhani kiongozi yule alikuwa na upungufu wa msamiati. Siku hizi nadhani alisema ukweli kuliko wote. Theluji ni kitu unachokitazama ukiwa mbali; hata mimi niliitazama ule mchana nikaiita nzuri. Baridi ndiyo inayokufikia. Na Cooley ni kila mmoja wetu aliyekaa kwenye chumba chenye moto akiwakatalia wenzake baridi yao: "Si waende makazi ya dharura! Si watafute kazi! Haiwezekani!" Mtu aliyewahi kuhisi akili yake ikimtoka saa tisa ya usiku hawezi tena kuwa Cooley. Anaweza kuwa mchoyo, anaweza kuwa mwoga. Lakini hawezi kusema hakujua.

Kwa hiyo nikamwambia mama: basi umenisafisha, sikufanya kosa.

"Sijasema hivyo," akanijibu. "Nimesema saumu siyo dhihaka. Lakini saumu ina fitri. Hiyo safari yenu, fitri yake iko wapi?"

Msomaji usiyeijua: mfungaji anapomaliza mwezi, kabla ya sala ya Idi, hutoa nafaka, pishi moja kwa kila mtu wa nyumbani kwake, kiasi cha kilo 2 na nusu hadi 3. Wanapewa maskini, ili nao siku ile wasiwe na njaa. Ukitazama vizuri, fitri ndiyo inayoifanya njaa ya hiari isiwe mchezo. Ni kama kusema: nimeionja njaa, nimejua bei yake, na sasa nalipa. Njaa iliyoonjwa bila kulipwa ni utalii.

Hapo ndipo lilipo jibu langu la pili, nalo lilinibana kuliko la kwanza. Mlango wa kurudia si dhambi. Usimwombe mtu radhi kwa kuwa na nyumba. Swali ni unapotokea kwenye mlango huo, ukarudi kwenye joto, mkononi una nini kwa ajili ya aliyebaki nje? Mimi nilirudi na picha.

Nikaamua kulipa. Gharama yenyewe ilikuwa ya kuchekesha: mtungi mmoja wa propeni uliojazwa, na king'ora kidogo cha kugundua ile gesi ya sumu, kwa ajili ya lile tela la viwandani. Niliona maboksi yale madirishani. Nilijua, kwa kuwa nusura nifanye mwenyewe, kitu gani watu wale wangeshawishika kufanya usiku wa manane.

Lakini, si unatujua sisi tunaojiita waandishi. Nikasema ngoja kwanza niandike mawazo haya yasipotee. Nikaandika. Nikafuta. Nikatafuta mwaka wa Rebmann. Zamu zikabana, baridi ikazidi, wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili nikanunua mtungi, ukakaa kwenye gari siku tatu. Mzee alipouona akauliza ni wa nini, nikamweleza. Hakusema neno, akatoa pochi, akanirudishia nusu ya bei.

Jumamosi asubuhi nikaenda. Hapakuwa na tela. Palikuwa na mstatili mkavu juu ya lami, saizi ya tela, theluji imeuzunguka pande zote nne. Kipande cha kamba ya bluu. Nikauliza kwenye karakana ya jirani. Kijana mmoja akainua mabega, akasema lilivutwa katikati ya wiki. Watu wake? Akainua mabega tena.

Nilimpigia mama. Nilitaka anifariji, aseme nia njema hulipwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, bila ukali:

"Mwanangu, fitri hutolewa kabla ya sala. Ukichelewa mpaka watu wameshasali, hiyo inakuwa sadaka kama sadaka nyingine. Si mbaya. Ila siyo ile uliyodaiwa."

Nawaandikia haya nyinyi, vijana wenzangu mnaosoma kurasa hizi na kutamani kuziandikia, kwa sababu naona ugonjwa wetu ni mmoja. Sisi sote tuna matela ya kulala kwenye baridi za watu. Tunaandika hadithi ya mtoto wa mtaani, ya kahaba wa bandarini, ya mkimbizi kambini. Tunalala humo usiku mmoja au miwili, tunatetemeka kwelikweli, sikatai, halafu tunarudi kwa mlango wetu tukiwa na picha nzuri. Wengine wananiambia tuache, tuandike yetu tu. Sikubali. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na dunia ya watu wasiojua kunguni wa wenzao ni dunia ya akina Cooley. Tulale. Lakini tusidhani kuandika ndiyo fitri yenyewe. Mimi nilidhani hivyo kwa wiki mbili, na wiki mbili ni ndefu sana kwa mtu aliye ndani ya tela lenye maboksi madirishani.

Mtungi nilimpa Kaka wa Fizi, maana katika watu wa kanisa lake wako wanaowajua wanaolala kwenye magari. Ulipata mtu siku ile ile. Nilipomwuliza ni nani, akanijibu, "Si lazima ujue. Si wako tena."

Mzee amenialika tena. Anasema safari hii tutabeba betri mbili, na maharage atayachemsha kabisa nyumbani. Nitakwenda. Napenda kule, nisiseme uongo. Naipenda ile asubuhi na kile kikombe cha kahawa. Ila nimemwambia sharti langu: tupitie kwanza kwa Kaka kabla ya kupanda mlima, siyo tukirudi. Amekubali. Tena ameuliza mtungi mmoja utatosha kweli, maana sisi tutakuwa wawili.